Mzigo Unatoka Ijumaa, Jumatatu Unarudi

Nyie watoto mliofungua ofisi ya harusi pale Ipagala, yenye kiyoyozi na sofa jeupe ambalo hakuna mtu wa Dodoma mwenye akili timamu atalikalia akitoka barabarani na vumbi lake, nimesikia mnalalamika. Mnasema wateja hawajibu. Mnawatumia ujumbe, wanausoma, wananyamaza. Mnatuma tena, safari hii na maua na vikopa vyekundu, ndio wananyamaza kabisa. Mmoja wenu, simtaji kwa sababu bibi yake ni jirani yangu, ameniuliza enzi zetu tulikuwa tunawafuatiliaje wateja bila simu. Nikamwambia, kwa miguu. Akacheka, akidhani natania.

Mimi nilikuwa mtunza stoo kwenye shirika moja la umma. Zikaja siku za ruksa, mashirika yakaanza kuuzwa, nasi tukapunguzwa. Neno zuri sana hilo, kupunguzwa, utadhani tulikuwa matawi ya mti. Kiinua mgongo changu nikakinunulia robota la mitumba nililoapiwa kwamba ni mashuka matupu. Tulilifungua sebuleni mimi na mke wangu. Mashuka yalikuwa matatu, mapazia machache, na magauni manne ya harusi, meupe, marefu, ya Wazungu wa sijui wapi. Nikakaa chini nikashika kichwa. Mke wangu akavaa moja juu ya khanga yake, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Yona, acha kuguna. Hiyo ndiyo kazi yako mpya."

Gauni zuri kuliko yote lilikuwa halina mgongo. Sisemi lilikuwa na mgongo mdogo, nasema halikuwa nao, kuanzia shingoni hadi pale ambapo mgongo unaacha kuitwa mgongo. Mke wangu akachukua shuka moja kati ya yale matatu, akalishonea mgongo, akaongeza mikono mirefu na kifua cha heshima. Kwa mbele lilikuwa la Ulaya, kwa nyuma lilikuwa la kulalia. Hilo ndilo lililotulisha, na hilo ndilo lenye habari hii. Nami kuanzia siku hiyo nikaitwa Yona Shela, mwanamume mzima, baba wa watoto, natembea mjini na gauni ndani ya begi.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Tatu, mpishi wa pilau za harusi, mwanamke wa Kondoa aliyehamia mjini. Alikuwa mnene, mwenye roho safi, na mdomo usio na breki. Alinikuta nimejibanza nje ya nyumba ya watu, nimeshindwa kupiga hodi, akaniuliza kama nimekuja kukodisha gauni au kuiba kuku. Tukawa marafiki. Yeye alipika, mimi nilivisha, tukapeana habari za harusi gani ipo na ipi ni maneno tu.

Maana hilo ndilo la kwanza kujua, harusi ipo au haipo. Watu wanatangaza harusi ambazo hata bwana harusi hajazisikia. Bi Tatu alinikataza kuuliza. Alisema nizunguke nyuma ya nyumba nitazame kuni. Ukikuta kuni zimepasuliwa na kupangwa, na pipa la maji limeongezwa, hiyo harusi ipo, weka roho yako hapo. Ukikuta nyuma ya nyumba ni peupe na mbele wanakuonyesha kadi za mwaliko, ondoka, unapotezewa muda.

La pili ni majibu. Mtu wetu hakwambii hapana. Anaona ni ukosefu wa adabu, afadhali akuzungushe mpaka soli ya kiatu iishe. Wafanyakazi wa serikali na wale wa bungeni walikuwa wakisema, "Tutalipeleka kwenye kamati," na maana yake ni kwamba kamati italijadili baada ya kujadili bia. Huyo usimwache, mrudie, kwa sababu kamati ya harusi hukumbuka gauni siku ya mwisho kabisa, na siku hiyo atakayepata kazi ni yule aliyesimama mlangoni. Akisema, "Karibu tena," nenda tena kweli. Lakini akisema, "Tutakuita," kwisha habari yako. Bi Tatu aliniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mtu aliyesema tutakuita akaita.

La tatu nililipata kwa maumivu kule Mkonze. Nilifika kwa mama mmoja tuliyekwisha elewana, nikapiga hodi, nikasema kwa sauti ya kishujaa kwamba nimekuja kuhusu lile gauni la kukodi. Kumbe ndani wamekaa wakwe, wamevaa vizuri, wanakunywa soda. Mama akanitazama kama hanijui, akasema nyumba yake hawakodi, wananunua. Nikafukuzwa, na mbwa wakasaidia. Bi Tatu alipoacha kucheka akanipa sheria. Kwenye nyumba ya bibi harusi usilitaje gauni kwa jina, na neno kukodi lisikutoke kabisa. Sema mzigo. Sema lile jambo letu. Mwenye kuhusika ataelewa, na asiyehusika hatapata cha kusimulia.

Nikaishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Ndiyo iliyotaka kuniua Busi.

Palikuwa na kijana anaitwa Salumu, karani wa ofisi moja hapa mjini, amepanga chumba Ipagala. Alimpenda binti wa kwao Busi, kule milimani Kondoa, jina lake Zaituni. Mjomba wake alikuwa amepeleka barua ya posa, ikapokelewa. Sasa kwa desturi yao jibu la posa haliletwi mlangoni kwako. Mshenga wako ndiye anayerudi kulifuata, anakaa, anaulizwa, anajibu, analichukua. Mjomba akavimba mguu, akawa anasema kesho, kesho kutwa. Siku zikaenda. Na baba yake Zaituni, Mzee Swalehe, alikuwa na mtu mwingine anayebisha hodi, mwenye duka Kondoa mjini na pikapu nyeupe. Salumu alikuwa na baiskeli. Kijana alikuwa amekonda kwa hofu ya kumkosa yule binti, na hakuificha.

Pamoja na hofu yake yote, Salumu alikuwa mteja wa ajabu. Alikuja kwangu kulitazama gauni. Akaondoka. Akarudi kulitazama tena. Kuna siku alikuja limetoka, lipo kwenye harusi ya watu, akakaa barazani mpaka mke wangu akamwonea huruma akampa chai. Likirudi kutoka kufuliwa, analishika begani kwa ncha za vidole, analinyanyua lisiguse sakafu, halafu anashukuru na kupanda baiskeli yake. Akaniambia mwenye kuchagua ni mama yake Zaituni, niende Busi nikaongee naye, ila taratibu, kwa sababu Mzee Swalehe anatafuta kisa kidogo tu cha kuivunja ile posa.

Bi Tatu akasema siwezi kwenda kwa watu wao na kaunda suti. Akanipa kanzu na koti la marehemu mume wake. Mume wake alikuwa mrefu kupita kiasi. Mimi sikujaliwa. Nikapanda basi la Kondoa nimeshika pindo la kanzu kama bibi harusi mwenyewe, nikashuka, nikapanda mlima kwa miguu.

Safari ya kwanza nilimpata mama. Mzee alikuwa karibu ametega masikio, kwa hiyo nikamnong'oneza mama kwamba nimekuja kwa lile jambo letu, lile la Salumu. Akanong'ona, "Tutakuita." Lakini nilipozunguka nyuma ya nyumba nikaona kuni, nyingi, zimepangwa vizuri kabisa. Nikasema Bi Tatu kasema mawili, na leo nachagua moja. Safari ya pili mama alikuwa msibani. Nikamkuta bibi yake Zaituni, kikongwe mwenye macho ya kuchekesha, nikampa sukari na majani ya chai, nikasema nafuatilia lile jambo la Salumu, nikaondoka na adabu zangu.

Hapo, wanangu, ndipo penye kosa, na nawaomba mlitazame vizuri. Mwanamume mgeni, kanzu na koti, anapanda mlima, anatoa sukari, hasemi shida yake, anafuatilia jambo la Salumu. Kijiji kizima kikajua mimi ni nani. Mimi peke yangu ndiye sikujua.

Safari ya tatu nilifika baada ya sala ya adhuhuri, na begi langu, gauni limo, nimeamua leo mama atalishika kwa mkono wake na hataliachia. Nikakuta mkeka umetandikwa. Mzee Swalehe amekaa, na wazee wenzake wawili, na bibi pembeni. Nikasalimia salamu niliyofundishwa, ikaitikiwa. Maji yakaletwa. Moyoni nikafurahi sana. Nikasema hawa watu wana heshima, gauni moja tu wameita na wazee.

Mzee Swalehe akasema wanajua nilichokifuata, na kwamba mtu aliyekuja mara tatu anastahili kusikilizwa. Akaniuliza upande wetu tunasemaje.

Nikanyoosha kanzu. Nikasema upande wetu hatuna maneno mengi, masharti ni mepesi. "Mzigo unatoka Ijumaa," nikasema, "Jumatatu asubuhi unarudi."

Mzee Swalehe akatazamana na wenzake. Akauliza, kwa upole bado, "Unarudi?"

"Lazima urudi, mzee. Kuna wengine wanausubiri."

Mzee mmoja akapaliwa na maji. Nikadhani ni kifua. Nikaendelea, kwa sababu Bi Tatu alinifundisha kwamba mteja hapendi kufichwa, ukimwambia ukweli mapema hakusumbui baadaye. Nikawaambia ukirudi na doa tutaelewana kuhusu faini, ila wasiwe na wasiwasi, sisi si watu wa ugomvi. Msimu wa mavuno huwa unatoka karibu kila wiki. Wazee wakaacha kunywa maji. Nikaona labda hawajaridhika na ubora, nikainama mbele, nikashusha sauti kama mtu mwaminifu.

"Sitaki kuwadanganya, wazee wangu. Si mpya. Umeshatumika. Lakini kwa macho huwezi kujua."

Sikumwona Mzee Swalehe akisimama. Niliona bakora tu, na nyuma ya bakora uso wa mtu ambaye ametukanwa binti yake mbele ya wazee, nyumbani kwake, juu ya mkeka wake mwenyewe. Nikanyanyuka nikimbie. Nikakanyaga pindo la kanzu ya marehemu, nikaanguka kifudifudi juu ya begi. Alikuwa amenisimamia, anauliza nani ametumika, nirudie, nani. Wanangu, kuna wakati sheria za kazi zinabaki mjini. Nikafungua begi nikiwa palepale chini, nikalivuta gauni lote nje, nikajikinga nalo.

"Hili, mzee. Gauni. Gauni la kukodi."

Upepo wa kule juu ukalipeperusha. Jeupe, refu, mbele maua ya Ulaya, nyuma shuka. Wazee wakalitazama. Watoto wa jirani wakalitazama. Halafu yule bibi akaanza kucheka, polepole, kwa tumbo, mpaka akalalia ubavu, akawa anarudia peke yake, unatoka Ijumaa, Jumatatu unarudi, anajifuta machozi kwa pindo la khanga. Mzee mmoja akashindwa kujizuia. Wa pili akafuata. Mzee Swalehe hakucheka, lakini bakora ilishuka. Akaniuliza mimi ni nani hasa. Nikasema naitwa Yona, natoka Dodoma mjini, nakodisha magauni.

"Yona," akasema. "Yaani Yunusi."

Nikasema hata Yunusi ni sawa, asinipige tu.

Hapo ningeweza kukusanya mzigo wangu na kuteremka mlima nikiwa mzima, na hiyo ingekuwa bahati ya kutosha kwa siku moja. Lakini kicheko kilipoisha Mzee Swalehe akakaa chini, akaweka bakora mapajani. Alisema, kumbe upande wa Salumu hajaja mtu. Mara tatu amejiandaa kutoa jibu, kumbe aliyekuja ni muuza nguo. Na Ijumaa ijayo wale wa Kondoa mjini wanakuja na pikapu yao, na hao hawajavimba miguu.

Nikamwona Zaituni. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, unga unamkaukia vidoleni. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na nafasi ya kusema mbele ya wazee. Nilijua kabisa, nikitoka pale na begi langu yule binti ataozwa pikapu, na aliyeharibu ni mimi na mdomo wangu. Nikaogopa kuliko nilivyoiogopa bakora.

Nikarudi kukaa juu ya mkeka bila kukaribishwa. Sikujua maneno ya ushenga, sikujua hata naanzia wapi, kwa hiyo nikasema la kazi yangu, maana ndilo pekee ninalolijua.

"Mzee, mimi nawafuata watu mwaka mzima. Nawafuata ofisini, nawafuata sokoni, mbwa wananijua. Hakuna mteja aliyewahi kunifuata mimi. Ni huyu Salumu peke yake. Anakuja na baiskeli kulitazama gauni la binti yako, analishika lisiguse sakafu, halafu anaondoka. Likiwa halipo anakaa analisubiri. Sina lingine la kukuambia."

Mzee Swalehe akachora mchanga kwa ncha ya bakora. Bibi ndiye aliyesema, akielekeza maneno yake kwenye paa la nyumba, kwamba mtu anayelinyanyua gauni tupu lisiguse chini, mwenye kulivaa atamnyanyua pia. Mzee akamtazama mama yake. Akanigeukia.

"Mara tatu umekuja kwa ajili ya nguo?"

"Kwa ajili ya nguo, mzee."

"Basi ya leo hesabu umekuja kwa ajili ya mtu. Posa imekubaliwa. Kamwambie, na mwambie mjomba wake akae na mguu wake hukohuko. Mshenga ni wewe, Yunusi."

Jikoni mwiko ukaanguka. Mimi nilitaka kulia, nikasingizia vumbi.

Salumu alipopata habari alinikumbatia barabarani, mbele ya watu, gauni likiwa katikati yetu. Nikarudi Busi mara ya nne na mahari, na ya tano na ujumbe wa siku, kanzu imeshapunguzwa na mke wangu. Na kwenye safari hiyo ya tano, kwa kuwa kazi ni kazi, nikamuuliza mama yake Zaituni kuhusu lile jambo letu. Mama akainamisha uso kwa aibu. Gauni lenyewe Busi nzima imeshaliona mgongo, hata watoto wanacheza mchezo wa mzigo unatoka Ijumaa. Binti angevaaje kitu kile? Wamemshoneshea jipya Kondoa. Nikasema hamna neno, mama, labda kwa binti mwingine. Akaniambia, kwa upole wote alionao, "Tutakuita."

Kwa hiyo andikeni hilo ofisini kwenu, juu ya sofa jeupe. Mteja niliyemfuatilia kuliko wote maishani, ambaye kwa ajili yake nilitaka kuvunjwa mbavu, hakunipa kazi. Akanipa kazi nyingine. Maana mshenga haachiwi siku ya harusi. Wakigombana, nikaitwa. Salumu alipokopa baiskeli ya pili akamficha mkewe, nikaitwa. Zaituni aliporudi Busi na mtoto mgongoni kwa sababu ya neno moja la mama mkwe, nikapanda mlima kumrudisha, na Mzee Swalehe akanipokea kwa kuniuliza kama leo ni Jumatatu. Bi Tatu alicheka hadi mwisho wake. Namkumbuka sana yule mwanamke, na bado sijapata pilau kama yake.

Magauni mengine niliyauza zamani, biashara ilipojaa watu wenye maduka na vioo. Lile la mgongo wa shuka nililiweka sandukuni. Mke wangu alikuwa akiniuliza la nini, nami nililikunja upya nikafunga sanduku.

Mwezi uliopita simu ililia. Zaituni. Akanisalimia shikamoo Baba Yunusi, nikaitikia, nikamuuliza Salumu amefanya nini tena. Akasema Salumu hajafanya kitu, amekaa hapa anakula. Akaniuliza kama nakumbuka mama yake marehemu aliniambia nini mara ya mwisho nilipomuuliza habari za gauni.

Nikasema nakumbuka. Alisema mtaniita.

"Basi tunakuita, baba. Binti yetu anaolewa, harusi ni hukuhuku Busi kwa babu yake. Ameonyeshwa magauni ya kila aina mjini, ameyakataa yote. Anataka lile lililomwokoa baba yake asinikose."

Nikakaa juu ya sanduku na simu sikioni. Mke wangu akadhani ni habari ya msiba, akaja kunishika bega. Nilimtaka Bi Tatu awepo wakati ule, dakika moja tu, nimwambie kwamba wapo waliosema tutakuita wakaita. Halafu nikakohoa, nikajirudisha kazini. Nikamwambia Zaituni lipo, ni safi, ila masharti hayajabadilika. Mzigo unatoka Ijumaa, Jumatatu asubuhi unarudi.

Nyuma yake nikamsikia Mzee Swalehe, ambaye siku hizi macho hayaoni lakini masikio bado anayo, akiuliza bakora yake wameiweka wapi.